Udi Ndani ya Boti

Saa mbili asubuhi, katika ua wa nyumba moja ya Kokoni, Mji Mkongwe wa Unguja, Bi Zeyana Kheir anaipasua katikati doti mpya ya kanga. Upande mmoja anaukunja na kuutia kwenye mkoba wa mgongoni. Wa pili anautupa juu ya kitanda cha kamba, mbali na mkono wa bintiye.

"Mama, mpya hiyo," analalamika Biasha.

"Nnajua mpya, nimeinunua mie. Ungekuwa unakwenda harusini ningekupa zote mbili. Mtoni upande mmoja ndo taulo, ndo shuka, ndo wa kusalia, na ukivunjika mkono ndo wa kufungia."

Biasha ana miaka ishirini na miwili na hana nia ya kuvunjika mkono. Mchana huu, Juni 2006, atapanda meli kwenda Dar es Salaam, kisha basi hadi Ifakara, kisha gari la kukodi mpaka pale barabara inapokwisha. Baada ya hapo ni miguu. Yeye na wenzake watakata msitu hadi sehemu za juu za Mto Mnyera, watoe maboti migongoni, wayajaze upepo na kuteremka nayo katika maji ya kasi, mahali ambapo ukipiga kelele atakayekusikia ni nyani. Amewahi kwenda akiwa msaidizi. Safari hii anakwenda akiwa kiongozi.

Boti lenyewe likikunjwa halizidi mto wa kulalia. Kafi lake linavunjwa vipande vinne. Kila kitu kinachoingia mkobani kimepita mikononi mwa Bi Zeyana, na vingi vilivyopita havikuingia.

"Mtu anabeba boti kwanza, halafu boti ndo linambeba mtu," anasema. "Ukimjazia makorokoro atafika mtoni keshachoka, na maji hayamngoji apumzike."

Mgeni mmoja wa msafara wa mwaka jana alimletea jozi tatu za viatu. Bi Zeyana alimuuliza ana miguu mingapi.

Maneno hayo yangetoka kinywani mwa mtu aliyekulia kando ya mto yasingeshangaza. Yeye ni mzaliwa wa Tumbatu, ana miaka arubaini na minne, na hajapata kuona mto mkubwa kwa macho yake. Anaoujua ni Mwera wa hapa Unguja, "na huo ng'ombe anauvuka tumbo halijaloa."

Ufundi wake wa maboti ulianzia kwenye miamvuli. Babake, marehemu Mzee Kheir, alikuwa akiitengeneza Darajani. Mwaka 1985 miamvuli ya kigeni ilianza kumiminika madukani, na kwa kuwa mingi ilivunjika kwa upepo wa kwanza, kazi ikamzidi mzee. Akamwita bintiye aje akae karibu naye.

"Nailoni ina tabia," anasema Bi Zeyana. "Iko inayokunywa maji kama mtu aloshinda na saumu, na iko inayoyakataa. Baba akinifumba macho, ananipa kitambaa nikiguse nimwambie ni ipi. Nikikosea ananicheka mpaka wateja wanageuka."

Mpaka leo masika humletea miamvuli na kiangazi humletea maboti ya mito. Kati yake ipo miezi isiyo na hili wala lile, na hapo hushona mikoba ya shule na kubana matumizi. Hapendi kuizungumzia sana miezi hiyo.

Kazi ya mito ililetwa na Basil Suud, mtu wa Vuga. Wazee wake walikuwa na mashamba ya mikarafuu. Yeye anaendesha kampuni ndogo ya kuwavusha wageni kutoka fukwe za Bwejuu na Nungwi kwenda kutembea bara. Mwaka 1998 alifika Darajani na boti lililochanika, limefungwa ndani ya shuka, akitafuta fundi. Kila mmoja alimwelekeza kwa mwenzake, mpaka akaishia kwa binti wa miamvuli.

"Nililishona," anasema Bi Zeyana, akijifunika uso kwa ncha ya mtandio. "Mshono mzuri, mdogo mdogo, ungeutia kwenye nguo ya bi harusi. Tukalipeleka pwani ya Funguni kulijaribu, likawa chujio."

Kila tundu la sindano lilikuwa mlango wa maji. Alikwenda kwa waziba mipira ya baiskeli akajifunza gundi, na akajifunza kungoja gundi ikauke, jambo ambalo anakiri lilimpa tabu kuliko gundi yenyewe. Baadaye Basil akamwachia pia kazi ya kuchagua vifaa. Hema zito akalibadilisha kwa turubai jepesi na chandarua. Masufuria akayapunguza. Vitu vitatu hakuvigusa wala havigusi: jaketi la kujiokolea, kamba, na gundi na viraka vyake. Wepesi, anasema, nao una mwisho wake.

Kisha ukaja mwaka 2001, na hapa ndipo Bi Zeyana anaposhusha sauti.

Mumewe, Mkadam Pandu, alikuwa baharia na mwogeleaji hodari, na Basil alimchukua kuwa miongoni mwa waongozaji. Asubuhi ya safari yake ya kwanza ya mtoni, Bi Zeyana alitia makaa na udi kwenye chetezo, akafunika tenga juu yake na kutandaza nguo za mumewe zipate moshi, kama mke yeyote wa Unguja anavyomfukizia mumewe nguo za safari. Boti lilikuwa pale pembeni.

"Nikasema, mbona hili ndo litakalombeba? Nikalitandaza nalo."

Kaa moja likapasuka. Yeye alisikia mlio, akaupuuza. Cheche ilikuwa imetoboa tundu lisilozidi kichwa cha pini.

Mtoni, upande mmoja wa boti ulianza kulegea. Mkadam hakushtuka, kwa sababu upepo ndani ya boti hunywea ukikutana na maji ya baridi, na kila mwongozaji huongeza kidogo. Akaongeza. Ukalegea tena, akaongeza tena. Walipoingia kwenye maporomoko, boti lilikunjika katikati naye yumo ndani. Maji yalimbamiza kwenye mwamba, mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, ukavunjika. Wenzake walimtoa, wakamfunga mkono kwa kanga ya mkewe, na akatembea msitu mzima hivyo hadi barabarani.

"Nilitumbukia nnanukia kama bwana harusi," anasema Mkadam, ambaye mpaka leo mkono wake wa kushoto haupandi juu ya bega. Anacheka. Mkewe hacheki.

Alipolitazama lile tundu kule ukingoni, Mkadam aliona kingo zake zimeungua, akaelewa. Wenzake aliwaambia boti limetobolewa na jiwe. Nyumbani alisema hivyo hivyo. Lakini aliyelifungua boti kulisafisha alikuwa Bi Zeyana.

"Nikamwita, 'Mkadam.' Akaitika, 'Naam.' Nikamuuliza, 'Jiwe gani hilo linalounguza?' Akaniuliza chakula kimeiva. Basi nkajua."

Hakumngoja mtu amwulize. Alivaa buibui lake akaenda Vuga, akamweleza Basil kila kitu.

"Nilikasirika, siwezi kukudanganya," anasema Basil. "Mkadam ni rafiki yangu. Msimu mzima sikumpa kazi Bi Zeyana, na kwake nikawa sipiti."

Ulikuwa msimu mrefu. Mwenye mkono mbovu hafanyi kazi ya ubaharia, na miamvuli peke yake haikutosha. Chetezo kilifichwa uvunguni. Nyumba, anakumbuka Biasha, ikawa haina harufu, na mama yake akawa haimbi.

Kilichokitoa uvunguni ni ugeni wa shangazi aliyetaka kufukiza nguo zake. Bi Zeyana aliutazama ule moshi ukipenya kila uzi wa shuka, akawaza: moshi huu ukiwa ndani ya boti utatokea wapi kama si kwenye tundu? Alipompelekea Basil wazo hilo, Basil alimwambia povu la sabuni linafanya kazi hiyo hiyo.

"Lakini nikamrudisha," anasema Basil. "Si kwa ajili ya moshi. Niliona huyu mtu sasa hatosinzia tena."

Ndiyo maana asubuhi hii chetezo kiko pembe ya mbali ya ua, kimefunikwa waya wa chekeche. Moshi unapita kwenye bomba refu la bati ili upoe na cheche zife njiani, kisha unaingia kwenye mfuko mkubwa wa kujazia upepo. Mkadam anaukumbatia mfuko kwa mkono mzima na kuukamulia botini. Nyuma ya boti, ukutani, Biasha ametundika buibui kuukuu la mama yake, kwa kuwa moshi mweupe huonekana vizuri kwenye weusi.

Jana boti hili lilipakwa povu la sabuni, likafaulu. Bi Zeyana anapiga magoti na kulizunguka polepole. Pembeni hakuna kitu. Kwenye valvu hakuna. Anafika nyuma, pale sakafu ya boti inapoungana na ubavu na ambapo povu hujikusanya lenyewe likaficha tundu, na uzi mwembamba wa moshi unapanda mbele ya buibui.

"Biasha."

"Labeka."

"Hili haliendi."

Wakati huo Basil anapiga hodi, amekuja kuchukua mizigo. Biasha anamwamkia, "Shikamoo, ami Basil," naye anaitikia marahaba huku macho yako kwenye ule moshi. Gundi inataka siku nzima ikauke, na meli inaondoka mchana. Boti jengine lipo, la zamani, imara, lakini lina kilo mbili zaidi, na mkoba wa kiongozi tayari umebeba kamba ndefu na dawa za msafara mzima.

"Tundu dogo hilo, mama," anasema Biasha. "Ntakuwa nnaliongeza upepo kila tukisimama."

 Anayemjibu ni babake, bado amekumbatia mfuko mtupu.

"Ndivyo nlivyosema mie."

Biasha anamtazama, halafu anautazama ule mkono. Anainama kufungua valvu, boti linaanza kunywea.

La zamani linajazwa moshi na kuzungukwa mara mbili. Halitoi hata uzi. Linakunjwa, linatiwa mkobani, na mkoba unatundikwa kwenye mizani. Umezidi. Biasha anaanza kuutoa mzigo wote upya, hadi chini kabisa, ambako ndani ya soksi anakutana na kitu kigumu asichokijua. Ni kopo la halua.

Watu wote wanamgeukia Bi Zeyana.

"Masurufu hayo," anasema, bila kumtazama mtu. "Mtoto atatokaje nyumbani hana kitu?"

Basil anacheka mpaka anakaa kitako. Mwanamke anayewanyang'anya wageni viatu amemfichia mwanawe kopo zima la halua chini ya jaketi la kujiokolea. Bi Zeyana analichukua yeye mwenyewe, analifungua na kuliweka juu ya mkeka.

"Haya kuleni hapa hapa. Ikishaingia tumboni si mzigo wa mkoba."

Wanakula wote wanne, na sufuria la pili linaachwa nyumbani. Mizani inakubali.

Biasha anautia mkoba mgongoni na kuruka ruka kidogo kuusikiliza. Anasema hajali kilo za boti hili, mradi lina moshi wa mama yake ndani. "Jioni msituni nikifungua valvu, ule upepo wa mwanzo unaotoka unanukia nyumbani. Wenzangu huja kukaa karibu."

Mama yake anamvuta karibu na chetezo, anampitishia moshi kwenye nywele na mabega, mkoba ukiwa umewekwa mbali, mlangoni, Mkadam ameusimamia kama askari. Kisha mtoto anabusu mikono ya wazee wake na kuondoka na Basil. Nyayo zao zinapotea kwenye uchochoro.

Bi Zeyana anasafisha majivu. Kiangazi kijacho, anasema, Basil ameahidi kumchukua yeye na Mkadam hadi chini, pale mto unapotulia, wapande boti moja. Anataka kuyaona hayo maji anayogombana nayo miaka yote hii bila kukutana. Biasha ndiye atakayewaongoza.

Anaulizwa atabeba nini.  Anakwenda kwenye kitanda cha kamba, anauokota ule upande wa pili wa kanga aliomnyima bintiye, anaupangusa vumbi na kuukunja.

"Huu," anasema. "Huu n'liuzuia wangu."