Dada Yangu Alisubiri Simu

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenialika, na ndiye aliyeninyamazisha. Kwaya yao ya Umoja ilikuwa inajiandaa kwenda pwani, na kwa kuwa kazi yangu ni kusoma mitambo inayopima mitetemeko ya ardhi, aliniomba niwaeleze machache kuhusu tsunami baada ya mazoezi.

Niliwaambia ukweli. Tetemeko likitokea mbali, tunapata saa kadhaa za kuwaonya watu. Likitokea karibu na ufuo, wimbi linaweza kufika kabla hatujamaliza hesabu.

"Mkihisi ardhi inatikisika na haitulii, msingoje king'ora. Kimbilieni mahali pa juu."

"Sasa nyinyi mnalipwa kwa kazi gani?" mwimbaji mmoja akauliza.

Wakacheka. Dada alicheka kuliko wote. "Hebu keti," akaniambia mbele yao. "Watu wanaenda kupumzika, wewe unawaletea matanga."

Nilitoka bila kuaga.

Siku ya nne ya safari yao, mchana, mitambo ikaonyesha tetemeko baharini, karibu na pale walipofikia. Sheria ya ofisi ni moja: hesabu kwanza, kisha ujumbe kwa wahusika, simu za jamaa baadaye. Niliifuata. Lakini sitadanganya: kuna kitu ndani yangu kilichosema, mwache ajionee.

Tulipotangaza kwamba hakuna hatari, mjane mmoja wa Kaloleni, mwanakwaya aliyeyashika maneno yangu, alikuwa ameshawapandisha nusu ya kwaya hadi shule iliyo kilimani. Aliteguka goti njiani. Dada alibaki mchangani na wengine, simu mkononi.

Jioni alinipigia. "Umetuaibisha! Watu wamekimbia na viatu mkononi, mama wa watu ameumia, na wimbi lenyewe hakuna!"

"Ardhi ilitikisika kwa muda gani?"

"Muda mrefu."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Wewe," akasema. "Si uko hapo kwa mitambo? Mbona hukunipigia?"

Nikamtajia sheria. Alinilea huyu, akanibeba mgongoni. Anajua sauti yangu ninapoficha kitu.

"Ni sheria tu?" akauliza.

Nikamuuliza goti la yule mama linaendeleaje. Akakata simu.

Jumapili tunakutana kwa mama. Dada humpitishia kila mtu sahani, yangu huiacha mezani nijichukulie.