Jinsi wali wa soseji ulivyotaka kuninyima mke Kariakoo

Wakuu, habari za mchana. Mlionizidi umri shikamooni, mliobaki niamkieni wenyewe.

Nimepita humu nikakuta vijana mnalalamika eti maisha yamepanda. Nikacheka peke yangu mpaka mjukuu akaniuliza kulikoni. Ngoja niwape kisa changu cha enzi za foleni. Chumvi sijaongeza, maana wakati ule hata chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta.

Nilikuwa fundi rangi, nimepanga chumba Mtaa wa Sikukuu. Nyumba ya wapangaji wengi, ua mmoja, kila mtu na jiko lake la mkaa, choo tunachangia.

Nilikuwa na mchumba, Zuhura, wa Magomeni. Kwao mwenye kauli ya mwisho alikuwa shangazi yake, Bi Mwajuma. Huyo mama akasema hapokei posa ya mtu ambaye hajaona anakaaje na anakula nini. Kwa hiyo Jumapili anakuja kula kwangu. Akikataa, Zuhura ndiyo basi tena.

Sasa wakuu, kumlisha mgeni miaka ile haikuwa mchezo.

Mchele ulikuwa unauzwa duka la ushirika, siku ukiwepo. Mnapanga foleni tangu alfajiri. Ukichoka unaweka jiwe mahali pako, unaenda zako kupumzika, ukirudi unasimama palipo na jiwe lako. Mimi la kwangu nililipaka rangi ya bluu ya kazini ili mtu asije akaniletea ujanja. Walinicheka sana, lakini mchele nilipata.

Kwenye kitoweo aliniokoa rafiki yangu Chande, baharia. Meli yao ilikuwa imetoka Uarabuni, akaja na unga wa ngano kidogo na kopo kubwa la soseji za ng'ombe. Maandishi ya Kiarabu, picha ya ng'ombe mzima ubavuni. Pale nyumbani hakuna aliyewahi kuonja soseji.

Hamira hakuna. Nikakanda unga kwa maji ya nazi niliyoyaacha yachachuke, ukaumuka vizuri tu. Nikauweka kwenye sufuria, makaa chini, makaa mengine juu ya mfuniko. Jiko la pili Chande anakaanga soseji kwa mafuta yake yenyewe, anatia kitunguu, nyanya, pilipili manga, halafu mchele juu yake.

Ile harufu ilitoka uani ikaenda mtaani.

Na hapo ndipo penye shida. Uani kwetu, ukipika, anayepita unamkaribisha, na akikaribishwa anaonja. Kwa njaa ya miaka ile, kuonja kulikuwa kunaishia kwenye ukoko. Mama Hadija wa chumba cha pili alienda chooni, akarudi, akaenda tena, na maji hata sikusikia yakimwagwa. Mzee Selemani, fundi wa koroboi, akahamishia kigoda chake karibu na jiko letu, eti anafuata kivuli. Kivuli chenyewe cha kamba ya kuanikia nguo.

Nikamwachia Chande majiko, nikaenda kuoga.

Narudi, uani kabaki Chande peke yake. Mama Hadija kajifungia ndani. Mzee Selemani kaondoka na kigoda chake, ila kopo tupu kalibeba, maana kwake bati ni mali. Nikamuuliza Chande amewafanya nini.

"Nimewaambia ni nguruwe," akajibu, anageuza wali.

Nilicheka, wakuu, mpaka nikashika ukuta. Nikaona rafiki yangu ana akili kuliko serikali.

Adhuhuri Bi Mwajuma akapiga hodi. Aliyemfungulia ni Mama Hadija. Mama yule ana huruma zake, hakutaka mgeni wa watu ale haramu bila kujua. Mimi nafika na shikamoo yangu, shangazi keshaziba pua kwa upindo wa khanga.

"Marahaba. Nasikia kwako mnakula nguruwe."

"Shangazi, wallahi ni ng'ombe. Kopo lina picha."

"Liko wapi?"

Nikakimbilia kwa Mzee Selemani. Nikamkuta keshalikata bila hata kuitazama picha, keshalikunja, anatia utambi. Kwenye ile koroboi palibaki picha ya mkia tu. Nikampelekea shangazi hivyo hivyo. Akaigeuza huku na huku.

"Hata nguruwe ana mkia," akasema, akanirudishia.

Mama Hadija naye akadakia, "Mwenzake kasema kwa mdomo wake mwenyewe, sote tumesikia." Chande alikuwa anaangalia mawingu.

Wakuu, jasho lilinitoka na nimetoka kuoga. Nikinyamaza, mimi ni mla nguruwe, Zuhura simpati. Nikisema ukweli, mimi ni mkono wa birika niliyenyima majirani, na Zuhura pengine simpati vilevile.

"Shangazi," nikasema, "tuliwadanganya ili wasile."

Mama Hadija alinitazama jicho moja, nikatamani ardhi ipasuke. Aibu ile sijawahi kuipata tena.

Shangazi akashusha khanga puani.

"Basi ni ng'ombe kweli. Hakuna mwanamume atakayejisingizia uchoyo mbele ya wakwe zake." Akavuta kigoda, akakaa mbele ya jiko langu. "Leteni sahani. Nyumba nzima."

Akapakua yeye mwenyewe. Mkate akaumega kwa mkono, kila mtu na kipande chake. Mama Hadija alipewa soseji nyingi kuliko wote, akazila huku kanipa mgongo. Mzee Selemani aliomba aongezewe, akaongezewa. Hata Chande alipata. Sahani yangu ilipofika, sufuria ilikuwa na ukoko tu. Niliukwangua pale pale mbele yao, sikuinua kichwa.

Shangazi aliponawa akasema, "Ingekuwa nguruwe ningeondoka. Uchoyo nitautibu mwenyewe. Waambie wazee wako walete posa."

Nikainama nikaanza kuosha sufuria, machozi yananilengalenga.

Zuhura ninaye mpaka leo, yuko hapo nje anachambua mchicha. Na shangazi alikuwa mtu wa maneno yake. Kila alipokuja kwetu, mpaka Mungu anamchukua, mpakuzi alikuwa yeye, na mimi nilipakuliwa wa mwisho.

Chande bado anadai mpango wake ulikuwa mzuri, aliyeuharibu ni mimi.

Funzo langu: ukiwa na kidogo, waambie watu ni kidogo kisha mgawane. Haya, wazee wa foleni, semeni na nyie mlificha nini na kiliwatokea puani vipi. Vijana nanyi changieni, ila msinikejeli kuhusu jiwe langu.