Nyama ya Jumanne

Wajukuu zangu huniletea chakula cha kununua, kuku wa kukaanga na viazi, kimefungwa kwenye karatasi inayovuja mafuta. Wanakiweka mbele yangu, halafu wanakaa kunitazama, maana wanajua nitafanya nini. Nakipasua. Kila kitu mimi nakipasua: paja la kuku, kababu, sambusa, hata andazi. Nachungulia ndani, nanusa, nageuza upande wa pili, nikiridhika ndipo napeleka kinywani. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. "Bibi, umeshaanza! Unatafuta nini humo?" Nawaambia nyamazeni, mnakula vitu ambavyo aliyevipika hamkumwona kwa macho, wala mafuta yake hamjui yamechemka mara ngapi. Wao wanadhani ni ushamba wangu wa Kurui. Haya, waache.

Tabia hii sikuzaliwa nayo. Niliipatia stesheni ya Soga, wakati wa Mwingereza, vita ya Hitla imekwisha na mume wangu anafanya kazi kwenye gengi la reli. Mimi nilitolewa kwetu Kurui, Kisarawe, nikaja kuishi pale Soga kama mke wa mtu, sijui mtu yeyote ila yeye na mashoga wawili wa kisimani. Nikaanza kuuza vitumbua. Gari moshi la kutoka mjini lilipita asubuhi, likasimama kidogo tu, na sisi wanawake tukakimbilia madirishani na masinia kichwani. Abiria wana njaa, wana haraka, mkono mmoja unatoa senti na mwingine unapokea. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyetazama. Kengele ikigongwa, mtu ameshauma, na gari limeshaondoka naye.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme yote. Vitumbua vilivyobaki jana nilivichoma tena asubuhi, nikavipaka samli kidogo juu, nikavipanga chini ya vile vipya. Nani angejua? Aliyeumwa tumbo aliumwa akiwa Morogoro huko, mimi niko Soga nafagia uwanja. Ndiyo raha ya kumlisha mtu anayepita, na ndiyo ubaya wake.

Basi akaja mwanamke mmoja, mjane, kutoka upande wa Mlandizi. Alikuja na mama yake mgonjwa, miguu imekufa, wakapewa nyumba ya udongo iliyokuwa tupu, ya tatu kutoka kwangu. Mwembamba, mpole, kila saa "shikamoo dada, samahani dada," na wakati huo hatukuzidiana hata mwaka. Wiki ya kwanza alikuja uani kwangu akakuta nimekamua tui, kifumbu kimelala pembeni.

"Dada, machicha haya unayatupa?"

"Nawatupia kuku wa jirani. Kwa nini?"

"Nipe mimi basi. Nina kuku wangu."

Nikampa kwenye kitunga changu kidogo, tena nikajiona nimefanya ihsani. Ikawa kila siku ninapokuna nazi, machicha ni yake. Nani anayahesabu machicha? Ni makapi ya nazi, tui limeshatoka, utamu wote umekwenda.

Mwezi haukwisha, naye akatokea stesheni na sinia. Sambusa! Ndogo, za pembe tatu safi, za moto, zinanukia bizari na pilipili manga mpaka behewa la mwisho. "Sambusa za moto! Sambusa!" Abiria wakaviacha vitumbua vyangu vimenuna kwenye sinia, wakamzunguka yeye. Wakirudi safari wanamuulizia: yuko wapi yule wa sambusa za nyama? Lo! Nilikasirika, sitaki kudanganya. Nilihisi mwanamke huyu amekuja kunitilia mchanga kitumbua changu, na kitumbua chenyewe nimekipika mimi.

Lakini zaidi ya kijicho kulikuwa na jambo lililonikaa rohoni. Pale kwetu mbung'o walikuwa wengi, ng'ombe hafugiki, na mchinjaji alikuwa mmoja. Alichinja Ijumaa. Jumamosi nyama imekwisha, Jumapili hata mfupa huoni. Sasa hebu niambie, mjane asiye na mume wala shamba, sambusa za nyama siku ya Jumanne anazitoa wapi?

Nikaanza kumchunguza. Ijumaa naenda kwa mchinjaji mapema, nakaa, namsubiri. Haji. Nikamuuliza mchinjaji kijuujuu, "Yule mgeni wetu, nyama anachukua kwako?" Akaniambia hajapata kumwuzia hata wengu.

Ndipo likatokea la ng'ombe. Wachuuzi walikuwa wakiswaga ng'ombe kwenda mjini, mmoja akaingia relini, gari moshi likamgonga ng'ambo ya daraja. Kafa papo hapo, hakuna aliyewahi na kisu. Kwetu sisi huyo ni kibudu, haramu tupu, hata mbwa wako unamwita arudi. Wenye ng'ombe wakaenda zao. Kesho yake mume wangu akapita pale na gengi, akarudi kuniambia mzoga haupo, imebaki damu na kwato. Pengine fisi, pengine wale wafanyakazi wenzake waliotoka bara ambao hawana mwiko na kibudu. Yeye hakujali. Mimi nikaanza kujumlisha. Ng'ombe kafa Jumatatu. Jumanne yule mjane akashuka stesheni na sinia mbili.

Kisimani sikusema kitu, wallahi. Niliuliza tu. Nikawauliza wenzangu, "Hivi jamani, zile sambusa za Jumanne, nyama yake kachinja nani?" Basi. Ndoo yangu ikajaa nikaondoka. Mpaka adhuhuri swali langu lilikuwa limeshapata jibu kila nyumba: mgeni anawakaangia watu ng'ombe wa reli. Waliokula wakatapika, hata wale waliokula mwezi uliopita. Mzee mmoja alisukutua kinywa mara saba mbele ya msikiti.

Hapo ningetulia. Lakini mimi ukinionyesha moshi nataka nione na moto. Nikataka kuiona nyama yenyewe kwa macho yangu, ili kesho mtu asiseme nimemsingizia. Asubuhi ya Alhamisi, kabla ya gari, nikapita nyuma ya nyumba yake, nikasogea kwenye jiko la makuti. Nikachungulia.

Karai lilikuwa motoni. Vitunguu vinakaangwa, bizari, pilipili manga, mdalasini, kitunguu saumu, harufu ya nyama kabisa. Pembeni, kitunga changu. Akakiinamisha, akamwaga machicha ndani ya karai, akakoroga. Yakapata rangi, yakawa kahawia, yakachambuka mithili ya nyama ya kusaga. Machicha yangu! Yale niliyomkabidhi kwa mkono wangu kila siku ya Mungu! Na kuku sikumwona hata mmoja, hata unyoya.

"Karibu dada," akasema bila kugeuka. "Umekuja kumtazama ng'ombe?"

Mama yake alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba hapo hapo mlangoni, ananitazama.

"Sijapata kusema nyama," akaendelea, na sasa alikuwa ananitazama usoni. "Nasema sambusa. Nyama wanasema wao. Nyama ningeitoa wapi mimi? Lakini wakijua ni machicha ya kuku, watanirushia usoni. Dada, wewe wanakusikiliza. Waambie tu uliingia jikoni kwangu hukuona nyama ya haramu. Hayo tu. Mama huyu anakula kwa sinia hii."

Nikamwambia nitasema. Nilisema hivyo mbele ya mama yake, na yule bibi kizee akanishika mkono akanibusu vidole.

Sikusema. Kwanza nilijiambia wataniuliza, ikiwa si nyama ni nini, nami nitakuwa nimemwumbua. Kisha nikajiambia ni Ijumaa, nina kazi. Jumamosi karani wa stesheni akampiga marufuku kusogelea gari, kwa kuwa wanakijiji wamelalamika chakula chake ni najisi. Jumanne vitumbua vyangu viliisha kabla ya kengele, vya jana na vya leo. Nikarudi nyumbani na sinia tupu, nikawa na furaha, nami furaha hiyo naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka.

Hakuja tena kuomba machicha. Nikawa nayatupa, na kuku wa jirani wakanenepa.

Mvua za vuli zilipoanza, mama yake akafa. Aliuawa na nini sijui, labda ugonjwa wake, labda njaa. Wanaume wakazika, hilo halina kinyongo. Hitima ikawekwa siku ya tatu. Mjomba wake akaja na mbuzi kutoka Mlandizi, mwalimu wa msikiti akamchinja mbele ya watu, hakuna wa kusema hakuona. Kwa kawaida wanawake wa mtaa ndio wanaopika msibani, mfiwa anakaa. Siku ile kila mmoja alikuwa na udhuru. Huyu mkono unamuuma, yule mtoto ana homa. Mfiwa akapika pilau mwenyewe, macho yamevimba.

Kisomo kikaisha. Masinia yakaletwa, ya wanaume barazani, yetu uani. Pilau linafuka. Hakuna mkono uliotoka. Mmoja akanong'ona amefunga sunna. Mwenzake naye amefunga. Uwanja mzima siku ile ulikuwa umefunga! Jirani yangu akaniegemea sikioni: "Mbuzi halali, sawa. Lakini sufuria ni zile zile za ng'ombe wa reli." Nikamtazama mfiwa. Alikuwa amesimama na kata ya maji ya kunawisha watu, anazunguka kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na kila aliyefikiwa aliificha mikono ndani ya kanga. Chakula cha kumwombea mama yake, na hakuna wa kukila. Akafika kwangu. Hakuniomba kitu safari hii. Alisimama tu na ile kata.

Roho ilinisuta. Nikanyoosha mikono, nikanawa, nikasimama.

"Haikuwa nyama," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, hata barazani wakageuka. "Sambusa zote zile, tangu mwanzo, hazikuwa na nyama. Ni machicha. Machicha ya nazi zangu mimi, nampa mwenyewe kwenye kitunga changu. Nimeyaona karaini kwa macho haya, nikaahidi kusema nikanyamaza. Ng'ombe hajaingia humu."

Kisha mtu mmoja akaguna, mwingine akafyatuka kicheko. "Machicha? Tumekula chakula cha kuku?" Uwanja ukaangua kicheko, msibani, Mungu atusamehe. Barazani mzee yule aliyesukutua mara saba alisikika akiuliza aambiwe tena, hakuamini. Mwalimu akasema bismillahi, akatia mkono kwenye sinia, na watu wakala. Walikula mpaka ukoko.

Yeye hakucheka. Alienda kukaa kizingitini, akajifunika uso kwa kanga. Nilimtoa kwenye haramu nikamtia kwenye dhihaka, maana toka siku hiyo kila alikopita watoto walimlilia kama kuku: koo, koo, koo. Karani alimruhusu arudi stesheni, lakini angeuza nini? Maneno yalishapanda gari moshi. Abiria waliinama dirishani na kumuuliza, mama, leo kuna machicha?

Siku aliyoondoka kurudi kwao alipita kwangu na furushi kichwani. Nilikuwa nakuna nazi. Akaniwekea mbele kitunga changu, kimeoshwa, kimefunikwa kwa jani la mgomba.

"Nimekuletea chombo chako, dada. Sikupenda kukirudisha kitupu."

Nikafunua. Sambusa moja, ya moto, pembe tatu safi, inanukia bizari. Alisimama mlangoni anangoja nionje, mgeni anayeaga, na usoni hakuwa na hasira yoyote, ningeapa.

Nami nikaichukua, na kabla sijajua mikono yangu inafanya nini, nikaipasua katikati.

Ilikuwa nyama. Nyama ya mbuzi, bila shaka ya yule wa hitima, aliyoiweka akaikausha, imekatwakatwa ndogo ndogo kwa kisu kwa subira ya ajabu, haina hata chembe ya machicha. Nilipoinua macho kumwambia Mungu akubariki, mlango ulikuwa mtupu. Nikatoka mbio uwanjani, kipande huku na kipande huku. Alikuwa ameshafika njiani, anakwenda zake, wala hakugeuka.