Ugonjwa wa Kahawa Ndani ya Chupa

Naandika nilivyoona, ingawa mimi niliishia darasa la saba na huenda mengine sikuyaelewa vizuri.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupandisha magari yao huku milimani Mbinga. Ushirika ulikuwa umelegea, dawa haikuletwa tena kwa mkopo, na kahawa yetu ilioza ingali mbichi mtini. Mume wangu akaamua kung'oa mibuni yote apande mahindi. Mimi sikutaka. Lakini niseme haki: hakuwa mvivu, na njaa ya watoto aliiona kama nilivyoiona.

Ndipo akaja mwalimu wa chuo kikuu na wanafunzi wake, wanachunguza chulebuni, ndio huo ugonjwa uliokuwa ukiozesha kahawa yetu. Alimwamkia mume wangu shikamoo, akaomba kuingia shambani. Chini ya kila mbuni akakuta matunda meusi tumeyakusanya, tumeyafunika nyasi.

"Haya mmeyaweka ya nini, mama?"

"Yaoze yawe mbolea."

Ndivyo tufanyavyo Wamatengo kwenye ngoro zetu, yale mashimo ya kulimia mteremkoni: nyasi tunazilaza, tunazifukia udongo, zinaoza, maharage yanakula hapo.

Mwanafunzi mmoja akacheka. Mwalimu alimtazama tu, kicheko kikakatika. Akaokota matunda machache, akayatia kwenye chupa yenye karatasi iliyoloweshwa maji, akaiacha dirishani kwetu.

Aliporudi baada ya siku chache, madoa meusi ya matunda yale yalikuwa yameota utando wa rangi ya waridi. Mzuri, kusema kweli. Akaugusa kwa sindano, akapaka kwenye kioo chenye tone la maji, akaweka hadubini juu ya meza yetu ya chakula. Akaniita mimi kwanza.

Niliona vitu kama punje za mchele, vimejaa, vingine vinaelea. Ghala zima ndani ya tone moja!

"Toka, na wenzio tuone," akasema mume wangu. "Au umeona malaika?"

Akainama yeye. Alikaa pale mpaka wanafunzi wakaanza kukohoa.

"Mwalimu, vyote hivi ni vya tunda moja?"

"Vya doa moja, baba. Mvua ikipiga vinarukia matunda mengine."

"Tukiyachuma mabovu yote tukayachoma, kahawa itapona?"

"Ugonjwa utapungua. Kupona kabisa bila dawa, hapo sijui. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

Nilidhani jibu lile litamuudhi. Mimi lilinisisimua mwili: mtu ameona mpaka ndani ya tone la maji, na mbele ya wanafunzi wake anaonyesha pale macho yake yanapokoma.

Kesho yake asubuhi mume wangu akatoka na kikapu, akaanza kuchuma matunda mabovu kwenye mibuni ya karibu na nyumba. Ya bondeni alisema itang'olewa tu, nguvu ya kuihudumia yote hatuna. Nilibisha kidogo, kisha nikaona asemalo ni kweli. Tuliing'oa pamoja.