Kompyuta ya Baba Upenuni kwa Ombati

Enzi zetu, mtandao ulikuwa na adabu. Najua umri wangu haujafika wa kusema enzi zetu, lakini watoto wa kaka yangu hulia video ikikwama kwa muda wa kupiga chafya tu, kwa hivyo nimelazimika kuzeeka mapema.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo kule Sironga, boma zima lilikuwa na kompyuta moja, ya Baba, nzito kama gunia la majani chai yaliyolowa. Haikujua kunasa mtandao hewani. Ilitaka kulishwa kwa waya. Mtandao nao ulikuwa nyumbani kwa kaka yetu Ombati, ng'ambo ya migomba ya Mama, na Ombati alikuwa ameoa. Kwetu Wagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima kati ya wazazi na watoto, na Baba, mzee wa kanisa, aliishika kama alivyoishika Sabato.

Basi Ombati akanunua kisanduku cheupe, akakitundika ukutani kwa Baba. Kilinasa mawimbi yaliyopita juu ya migomba, kikayaingiza kwenye waya hadi kwenye kompyuta. Taa ya kijani, mtandao upo, nyekundu, haupo. Baba alivaa koti kabla ya kuiwasha kompyuta. Sisi tuliotoka kula ugali na chinsaga tulinuswa vidole kwanza, na aliyenuka mboga alirudishwa jikoni.

Kisha dada yetu Kwamboka, aliyekuwa akiishi Ulaya, akajifungua msichana, akampa jina la marehemu nyanya yetu Bosibori, aliyemzaa Baba. Akatuahidi kutuonyesha mtoto Jumapili alasiri. Wiki hiyo Baba hakulala vizuri. Alitaka kumwona mama yake aliyerudi kwa jina, na alisema hivyo hivyo, bila kuona haya.

Jumapili ikafika, taa ikawa nyekundu. Mvua zilikuwa zimeinua migomba ikaziba njia ya mawimbi. Baba akachukua panga. Mama akasimama mbele ya mgomba wenye mkungu mkubwa, akasema kama ni kukata, aanze na yeye, maana mkungu ule haujakomaa. Ombati akasema tupeleke kompyuta kwake. Kila mtu aliona ni wazo zuri isipokuwa mwenye kompyuta, ambaye angebaki nje peke yake.

Baba akafikiri, kisha akatoa hukumu: nyumba huishia pale maji ya paa yanapodondokea. Tukabeba kila kitu, hata kile kisanduku kilichonunuliwa ili tusibebe, tukavipanga mezani upenuni kwa Ombati, pakavu. Taa ikawa kijani. Baba akaweka kiti chake hatua moja nje ya matone, akakaa na mwavuli. Mvua ya alasiri, ambayo kwetu haikosi, ikaanza. Maji ya paa yakawa yanamrukia magotini.

Kwamboka akatokea kwenye skrini, akacheka hadi machozi. "Baba, funga mwavuli," akasema. "Mtoto hakuoni."

Baba akaufunga. Mvua ikamshukia kichwani. Mtoto akasogezwa karibu, akapiga mwayo mpana, ule ule ambao Nyanya alikuwa akipiga mahubiri yakirefuka.

"Mama, karibu nyumbani," Baba akasema, akalia. Nasi tukalia. Hata Mama aliacha kulinda mgomba wake.

Siku hizi mtandao umejaa kwetu hadi chooni. Watoto wa Ombati hukaa sebule moja, kila mmoja na simu yake, na kuitana chakula kwa ujumbe. Nawasema sana, ingawa nami huitikia kwa ujumbe. Bosibori sasa ni msichana mkubwa, na Jumapili humpigia babu yake simu ya video. Baba ana kochi na mtandao wake mwenyewe, lakini simu ikilia huchukua mwavuli, huvuka migomba, akasimama hatua moja nje ya paa la Ombati. Juzi Bosibori akamuuliza kwa nini kila mara yuko nje.

"Hapa ndipo tulipokutana," Baba akasema, akafunga mwavuli.