Chura wa Tumboni

Utotoni kwangu Kasongo yapo mengi ninayoyakumbuka, lakini hakuna linalonijia upesi kama tumbo langu. Nikiwa na miaka tisa lilikuwa likinguruma kutwa, likijaa hewa hadi sketi ya shule ikakataa kufungika. Darasani ushuzi ulinitoka, wenzangu wakacheka, nami nikazoea kukaa benchi la nyuma, karibu na dirisha.

Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na baba alikuwa amemwoa Mama Zaina, mwanamke mpole wa Nyangwe. Shangazi aliposikia tumbo langu likinguruma, alikata shauri papo hapo: nimelishwa chura. Kwetu watu waliamini kwamba mwenye kijicho anaweza kukutilia chura katika chakula, akakulia tumboni na kupiga kelele humo. Na nani aliyekuwa akinipikia? Baba aliacha kula chakula cha Mama Zaina. Mimi nami nikaanza kumwogopa. Siku moja nilimkuta akifunga nguo zake kwenye kitenge.

Ndipo Bibi, mama yake baba, akaletwa kwa pikipiki kutoka Wamaza, kwa kuwa alijua dawa ya kutapisha chura. Hakutoa dawa yoyote. Aliketi jikoni na Mama Zaina, akamuuliza ninakula nini, tangu asubuhi hadi jioni.

"Asubui ninamupa maziwa ya unga, kikombe kizima," Mama Zaina alisema. "Yeye peke yake. Mutoto alikonda sana tangu mama yake alikufa."

"Acha maziwa juma moja, mwanangu," Bibi akamjibu. "Kama chura iko, itabakia."

Siku ya nne tumbo lilitulia. Ya saba, sketi ilifungika bila shida. Baba aliomba sahani yake, akala akamaliza. Shangazi hakuomba radhi. Alileta kapu la mihogo, akakaa kuimenya pamoja na Mama Zaina hadi jua likazama.

Leo nina watoto wangu, na najua matumbo mengine hayapatani na maziwa, basi. Simcheki shangazi, aliogopa kumpoteza mtoto wa kaka yake. Ninachokiwaza zaidi ni kile kikombe. Maziwa yalikuwa adimu nyumbani, na Mama Zaina mwenyewe hakuwahi kuyaonja. Juma lile ndipo nilipoanza kumwita mama, bila kuongeza jina.