Kinyozi Aliyeacha Kupokea Simu

Mama Filimbi ni fundi cherehani, lakini mtaa unamjua zaidi kwa kazi ile nyingine: moto ukiwaka au maji yakiingia majumbani, yeye ndiye anayewaita vijana wa kujitolea. Hakuna anayelipwa hata thumni, ila kwa anavyowafokea utadhani wanakula mshahara wa marehemu baba yake. "Wazembe nyie! Mnangoja kadi ya mwaliko?" Mkasa ukiisha, naye kimya mpaka mwingine.

Basi wakaanza kuingia mitini mmoja mmoja. Alijikaza kisabuni, lakini kinyozi naye, mtu wa kufika wa kwanza siku zote, alipoacha kupokea simu, akaona kikosi kinakufa na mvua zinakaribia. Akafunga duka, akaenda kumpa vidonge vyake.

Alimkuta ananyoa mteja. Hajafungua kinywa, kinyozi akamwonyesha koti la njano la kikosi alilokwisha kulifua na kulikunja.

"Chukua, dada. Mpe mwenye moyo. Mimi mtu amenifia mgongoni, yatosha."

"Nani huyo?"

"Yule mzee wa mafuriko. Alinilegea kabla hatujafika kwenye gari. Nikakuuliza anaendeleaje, ukaniambia nirudi kuokoa wengine, maji yanapanda."

Mama Filimbi akalisukuma koti pembeni.

"Mbona yupo?" akasema. "Alipona, akahamia kwa binti yake. Juzi kaniletea suruali nimpanulie kiuno, kanenepa!"

Kinyozi akazima mashine, akakaa. Mteja, kichwa kimenyolewa nusu, hakuthubutu kulalamika.

"Muda wote huo, dada? Hukuweza kuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Mama Filimbi aliona aibu, aibu ya kweli. Ndugu wa waliookolewa huja dukani kwake kushukuru, na shukrani zote huishia pale kwenye cherehani. Palepale akatoa simu, akampigia kijana wake mwingine, dereva wa teksi aliyewahi kumtoa mtoto kwenye nyumba inayoungua.

"Wapi tena, shangazi?"

"Hakuna mkasa. Ni habari za yule mtoto."

Dereva akashusha sauti. "Alikufa, sivyo?"

"Alikufa, mwanangu. Nilikuficha usije ukavunjika moyo. Lakini alifia mikononi mwa mama yake, si kwenye moto. Mama alikuja kukutafuta akushukuru, nami nikamwambia nitafikisha. Sikufikisha. Nisamehe."

Ikasikika injini inazimwa.

"Huyo mama," dereva akauliza, "anakaa wapi?"